Kutoka daftari la karakana hadi simu ya fundi: mwongozo kamili wa kuingiza mfumo wa oda za kazi na mali katika serikali za mitaa za Uganda

Mwenyekiti wa kamati ya maji anaondoka kijijini alfajiri, anapanda boda boda, anafika makao makuu ya wilaya saa tatu kueleza kwamba pampu ya kisima chao imekufa. Afisa wa maji yuko semina. Mzee anaandikwa jina na namba ya simu kwenye daftari la mapokezi, anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili anakuja tena na kukuta daftari jipya limefunguliwa. Habari ya pampu imebaki kwenye lile la zamani, chini ya meza, na kina mama wamesharudi kuchota mtoni.

Hakuna aliyekataa kufanya kazi hapo. Fundi yupo, spea pengine ziko stoo, hata pesa ya robo mwaka imeingia. Kilichokosekana ni kamba ya kuunganisha taarifa ya mzee, mikono ya fundi na vitabu vya mhasibu. Kamba hiyo ndiyo oda ya kazi: karatasi au ukurasa wa simu wenye namba yake, unaosema ni mali ipi, ina tatizo gani, nani ametumwa, ametumia nini na amemaliza lini. Programu ya oda za kazi na mali hutunza oda hizo pamoja na rejista ya mali zenyewe, ili kila kisima, greda, kalvati na taa ya barabarani iwe na historia yake.

Nimekaa miaka mingi katika ofisi za ujenzi huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili ni lugha ya gereji, ya kambi na ya mpakani. Nimeona mifumo ikizinduliwa kwa hotuba na kuzimika kabla ya mwaka kuisha, na nimeona mmoja ulioanza na simu tatu ukaota mizizi. Yote niliyoyaona yananirudisha palepale: mfumo unaishi au unakufa kwa yule anayefunga oda. Akiwa fundi mwenye grisi mikononi, aliyesimama juani kilomita 40 kutoka ofisini, basi kila uamuzi utakaofanya uanze na mikono yake.

Hatua ya kwanza: fuata malalamiko mamoja mpaka mwisho

Usiguse kompyuta bado. Chagua matatizo matano yaliyoripotiwa mwezi uliopita, kwa mfano pampu moja, taa moja, pikapu moja, mtaro mmoja na kalvati moja. Kwa kila tatizo, tembea ofisi hadi ofisi ukiuliza: nani alipokea taarifa? Aliiandika wapi? Nani aliidhinisha mafuta? Spea zilitoka stoo kwa karatasi gani? Nani alisema kazi imekwisha, na aliyelalamika aliambiwa?

Chora njia hiyo kwenye karatasi kubwa. Utashangaa kuona kazi moja ndogo ikipita mikononi mwa watu saba, na wanne kati yao hawaandiki lolote. Katika baraza moja nililolifanyia kazi tulikuta madaftari sita tofauti, na hakuna mawili yaliyoita kisima kimoja jina moja. Daftari moja lilikiita kwa jina la kijiji, lingine kwa jina la mwenye shamba, lingine “kile cha karibu na kanisa”.

Kisha tumia fomu ya karatasi yenye namba kwa mwezi mzima kabla ya kununua chochote. Ikiwa watu hawajazi karatasi, simu haitawabadilisha. Na fomu ya karatasi itakuonyesha mapema ni maswali gani hayana maana, wakati kuyafuta kunagharimu kalamu tu.

Hatua ya pili: pata mwenye mfumo, kwa barua

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, mali za wilaya ziko chini ya afisa masuuli, yaani CAO, afisa mkuu wa utawala wa wilaya, na kwa manispaa au jiji ni karani wa mji. Barua ya kuanzisha mfumo itoke kwake, si kwa mhandisi wala kwa kijana wa kompyuta. Iwataje kwa vyeo: mhandisi, afisa wa maji, mtunza stoo, mhasibu na mkaguzi wa ndani. Mkaguzi wa ndani umuite tangu kikao cha kwanza. Ukimleta mwishoni atakuuliza maswali ambayo majibu yake yangekuwa rahisi mwanzoni.

Madiwani nao waelezwe mapema. Diwani akijua kwamba malalamiko ya watu wake yatapewa namba anayoweza kuifuatilia, atakuwa mtetezi wako siku bajeti itakapobana.

Hatua ya tatu: anza na mali chache zinazouma

Kosa linaloua mifumo mingi ni kutaka kusajili kila kitu. Timu inazunguka miezi minne ikihesabu viti na kabati, watu wanachoka, pesa ya safari inakwisha, na hakuna oda hata moja iliyofungwa. Viti na kabati vina siku yake, na bodi ya kuhakiki mali ya mwisho wa mwaka wa fedha itavipitia. Wewe anza na vitu ambavyo vikisimama watu wanaumia.

Kwa wilaya ya kawaida napendekeza makundi mawili: mitambo na magari ya wilaya, pamoja na visima vya pampu vya kaunti ndogo mbili au tatu. Kwa mji, mitambo na magari pamoja na taa za barabarani. Miji iliyopata barabara za lami na taa za sola kupitia USMID, mradi wa miundombinu ya miji, Arua ikiwa mmojawapo, inajua betri ya taa ikichoka kinachofuata ni giza, kisha wezi, kisha mlingoti mtupu. Makundi hayo yanatosha kwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya nne: namba, jina na mahali

Hapa usiharakishe, maana kosa la leo utalibeba miaka kumi.

Kila mali ipate namba moja isiyobadilika. Usiingize kaunti ndogo ndani ya namba ya kitu kinachohama. Pikapu ya afya leo iko makao makuu, kesho imepelekwa kituo cha afya daraja la nne, na namba yake itakuwa inasema uongo. Hata kwa kisima ni hatari: Uganda imegawa wilaya na kaunti ndogo mara nyingi, na kijiji kilichokuwa upande huu mwaka juzi leo kiko upande wa pili. Namba iwe fupi na kavu, kwa mfano KS-0147 kwa kisima au MT-0012 kwa mtambo. Mahali, kijiji, parishi na mtumiaji vikae katika sehemu zao, vinavyoweza kubadilishwa.

Kama mali tayari ina namba katika rejista ya idara ya fedha, iandike namba hiyo pembeni ya yako. Siku Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atakapokuja, rejista mbili zisizojuana zitakuletea hoja ya ukaguzi hata kama kila kitu kipo.

Lebo za karatasi za kunata hazidumu. Jua na mvua vinazimaliza kabla ya mwaka. Tumia bamba dogo la alumini lililogongwa namba, au ichonge namba kwenye zege bichi la kisima kipya. Kwa greda, andika kwa rangi ndani ya kabini na pia chukua namba ya chasisi.

Kwa kisima, chukua nukta ya ramani kwa simu ukiwa umesimama penyewe, picha mbili, aina ya pampu, kina kama kinajulikana, na namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati. Aina ya pampu ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Pampu ya mkono ya aina ya U2 ikiharibika pistoni, mafundi wanalazimika kunyanyua mabomba yote, kazi ya watu wengi na vifaa vizito. Aina ya U3 iliyofungwa kama ilivyokusudiwa inaruhusu pistoni kutolewa bila kuvuta mabomba. Fundi aliyetumwa bila kujua hilo atakwenda na watu wawili mahali panapotaka watano, na safari itakuwa ya bure.

Barabara zikatwe vipande, kutoka makutano hadi makutano. Ukisajili barabara ya kilomita 18 kama mali moja, utaandika “mbovu” na hutajua ni kilomita ipi. Kalvati kila moja iwe mali yake. Kwa kipimo cha hali, tumia 1 hadi 5, na kila namba iwe na picha ya mfano inayobandikwa ukutani. Bila picha, “3” ya afisa mmoja ni “5” ya mwingine.

Hatua ya tano: oda yenyewe

Oda nzuri inajazwa kwa dakika mbili. Nikiona fomu yenye maswali 30 najua iliandikwa na mtu asiyewahi kushika spana. Kwa kufungua, yanatosha haya: namba ya mali, nani ameripoti na simu yake, tatizo kwa kuchagua katika orodha fupi, uharaka, na picha ikiwezekana. Kwa kufunga: chanzo cha tatizo, kilichofanyika, spea zilizotumika na idadi, saa za kazi, usomaji wa mita ya saa au kilomita, picha ya baada, na jina la mtu wa mahali pale aliyethibitisha.

Orodha ya vyanzo vya matatizo itungwe na mafundi wenyewe, kwa maneno yao, na isizidi kumi kwa kila aina ya mali. Usidharau orodha hii. Chukua visima. Katika maeneo yenye maji ya tindikali, mabomba ya chuma kilichopakwa zinki huliwa na kutu, maji yanatoka mekundu na watu wanayakataa. Oda zikiandikwa “pampu mbovu” tu, utaendelea kubadilisha bomba moja moja mpaka kiama. Zikiandikwa “bomba limeliwa na kutu”, mwisho wa mwaka utaona visima vya eneo fulani vinarudi na ugonjwa uleule, na utaomba bajeti ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu au plastiki. Mstari mmoja wa orodha ndio umekupa hoja hiyo.

Uharaka uwe wa ngazi tatu tu: hatari kwa maisha, huduma imesimama, inaweza kusubiri. Ukiweka ngazi nyingi, kila mtu atachagua ya juu.

Oda iwe na hali nne: imefunguliwa, imepewa fundi, inasubiri, imefungwa. Kwenye “inasubiri” lazimisha sababu ichaguliwe: spea, mafuta, idhini au mvua. Hili kiongozi alitazame kuliko yote. Ukijua kwamba oda nyingi zinasubiri idhini wala si spea, basi umejua tatizo liko mezani kwa nani.

Lugha nayo. Katiba ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini karibu kila fomu bado ni ya Kiingereza. Programu nyingi zinakubali maneno ya skrini yabadilishwe. Kaa na mafundi mchana mmoja, mwandike “gasketi”, “beringi”, “limevuja”, “limekatika”, kama wanavyosema. Mahali ambapo Lugbara au Alur ndiyo inayozungumzwa na kamati za maji, ujumbe wa kwenda kijijini uwe wa lugha hiyo.

Hatua ya sita: kuchagua programu

Sasa ndipo uitazame programu, maana unajua unachotaka. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuunganisha zana za bure: ODK au KoboToolbox kwa kukusanya taarifa kwa simu hata bila mtandao, na QGIS kwa ramani. Zinafaa sana kwa rejista, lakini hazikutengenezwa kuzungusha oda kutoka mtu hadi mtu. Ya pili ni programu huria ya matengenezo kama openMAINT. Leseni hailipiwi, ila unahitaji mtu wa kuiweka na kuilea, na mshahara wake ndio bei yako. Ya tatu ni kulipia huduma ya kampuni kwa mwaka. Hii ni nyepesi kuanza, lakini mara nyingi bei ni ya dola kwa kila mtumiaji, na shilingi ikishuka bajeti inapasuka.

Muuzaji yeyote mpe mtihani karakanani, si ukumbini. Wape mafundi watatu simu zao wenyewe, zile za bei nafuu zenye kioo kilichopasuka. Zima data. Waambie wafungue oda, wapige picha, wafunge, kisha washe data. Oda ikipotea, mshukuru muuzaji na umuage. Muulize pia: je, mtu asiyekuwa na simu janja anaweza kuripoti kwa SMS? Je, mhasibu na diwani wanaotazama tu wanalipiwa? Naweza kutoa data yangu yote katika jedwali la kawaida leo hii, bila kukuomba?

Hilo la mwisho liingie kwenye mkataba kwa maneno wazi: data ni mali ya baraza, na mkataba ukiisha inakabidhiwa yote. Najua baraza lililopata mfumo kwa msaada wa mradi. Mradi ulipofungwa leseni ikakatika, na miaka miwili ya kazi ikabaki nyuma ya neno la siri ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Ndiyo maana ada ya mwaka, data za simu na matengenezo ya simu viingizwe katika bajeti ya matumizi ya kawaida kuanzia mwaka wa kwanza, hata kama mfadhili anasema atalipa.

Ununuzi upite kitengo cha manunuzi kwa taratibu za PPDA, mamlaka ya manunuzi ya umma, na NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ishauriwe kuhusu mahali data itakapohifadhiwa. Kwa kuwa unatunza majina na simu za wananchi, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu. Usikusanye zaidi ya unachohitaji, na simu ya mwenyekiti wa kamati isionekane na kila mwenye akaunti. Programu yako haichukui nafasi ya IFMS, mfumo wa fedha wa serikali. Malipo yabaki kule. Wewe beba namba ya oda tu iandikwe kwenye vocha, na hapo vitabu viwili vimeshikana.

Hatua ya saba: bila namba ya oda, hakuna mafuta

Mafunzo ya siku tatu hotelini hayatasaidia kama kanuni hii haipo. CAO aandike kwamba kuanzia tarehe fulani mafuta, spea na posho ya safari vitatolewa kwa namba ya oda pekee. Mtunza stoo ndiye mlinzi wa mlango. Mpe heshima yake, mfundishe kwanza kuliko wote, na usimwache peke yake bosi anapokuja kuomba tairi kwa mdomo. Bosi akipita mara moja bila namba, kanuni imekufa.

Weka namba ya oda ya dharura kwa ajili ya usiku: daraja limebebwa na maji, mafundi wanatoka kwanza, oda inaandikwa ndani ya saa 24.

Mafundi na madereva wataogopa kwamba mfumo ni wa kuwapeleleza. Hofu hiyo ni ya kweli, ijibu kwa vitendo. Miezi mitatu ya kwanza usimwadhibu mtu kwa taarifa aliyoiandika mwenyewe. Na mpe fundi faida anayoiona: posho yake ilipwe kwa oda zilizofungwa, bila kubishana. Nimemwona fundi aliyekuwa mpinzani mkubwa akigeuka mwalimu wa wenzake tangu siku alipoonyesha oda zake 14 na kulipwa bila kurudishwa.

Hatua ya nane: matengenezo ya kinga na kalenda mbili

Mfumo ukishapokea usomaji wa mita, anza kufungua oda kabla kitu hakijaharibika. Kwa mitambo mingi mizito, mafuta ya injini hubadilishwa kila saa 250; fuata kitabu cha mtengenezaji wa mtambo wako. Greda lisilosomwa mita halina ratiba, lina bahati tu.

Barabara zina kalenda yao. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini kaskazini Julai ni katikati ya mvua, na kiangazi kinaingia karibu Desemba. Kwa hiyo tumia robo ya kwanza kwa kazi zinazowezekana mvuani: kukagua, kufyeka, kuzibua mitaro, kuandaa manunuzi ya changarawe na kalvati. Kazi za greda ziwe tayari kuanza ardhi ikikauka, na zimalizike kabla ya mvua za Aprili. Kusini, penye misimu miwili ya mvua, vipindi vya ukavu ni vifupi zaidi. Weka oda hizi kwenye mfumo mwaka mzima mbele, maana fedha isiyotumika ifikapo 30 Juni hurudi hazina.

Hatua ya tisa: ripoti tatu, si thelathini

Kila mwezi toa ukurasa mmoja wenye oda zilizofunguliwa na kufungwa kwa kila kaunti ndogo, wastani wa siku ambazo huduma ilisimama, na mali kumi zilizokula pesa nyingi zaidi. Ukurasa huo uende kwenye kikao cha wakuu wa idara, kisha kamati ya ujenzi ya baraza. Ripoti ya tatu, ile ya mali kumi, ndiyo itakayobishaniwa, na ibishaniwe. Pikapu iliyomeza matengenezo ya thamani kubwa kuliko bei yake sokoni itajieleza yenyewe, na bodi ya kuhakiki mali itapata ushahidi wa kupendekeza iuzwe. Maandalizi ya bajeti yakianza, ripoti hizo ziwe mezani.

Ofisini hakikisha kuna betri ya sola ya kuchaji simu, nakala ya data kila Ijumaa kwenye diski inayowekwa jengo lingine, na watu wawili, si mmoja, wenye ufunguo mkuu wa mfumo. Maafisa huhamishwa bila taarifa ndefu.

Mwaka wa pili

Ongeza kundi moja, si zaidi. Mimi ningechukua majokofu ya chanjo na jenereta za vituo vya afya. Chanjo nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8, na jokofu likizima Ijumaa jioni hakuna muda wa barua. Hapo muuguzi wa zamu atahitaji kuripoti kwa SMS yenye namba ya mali na neno moja, na fundi aipate kabla ya kulala. Jaribu na vituo vinne, pima dakika tangu ujumbe utumwe hadi fundi ajibu, rekebisha, kisha upanuke kwenda vingine.